Risala ya Chama cha Wadudu kwa Mgeni wa Heshima, Muhoroni

Mgeni wetu wa heshima, Afisa wa Kilimo, Mwalimu Mkuu, mwenyekiti na wanachama wa bodi ya shule, walimu wetu, wazazi wetu mliotoka Muhoroni, Chemelil, Koru na kote Nyando, wanafunzi wenzetu: hamjambo nyote.

Kwa niaba ya wanachama wa chama cha wadudu cha shule hii, tunakukaribisha kwa mikono miwili na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua huu ni msimu wa kazi nyingi kwa mtu wa kilimo, na kuja kwako kumetupa moyo.

Mwaka huu chama chetu kimejishughulisha na nondo wenye pua. Wapo waliotuuliza kwa nini tumewachagua vinondo vidogo vya rangi ya vumbi, ilhali msitu wa Kakamega hauko mbali na umejaa vipepeo wa kupendeza macho. Sababu ni kwamba hawa ndio tunaoishi nao. Wamo katika mahindi, miwa, kunde na mchicha, katika gunia la unga na ndani ya mzinga wa nyuki. Kundi lao huitwa Pyraloidea. Spishi zake zilizokwisha kupewa majina zinafikia 16,000 hivi, na nyingi ni za nchi za joto kama yetu.

Nondo wa aina hii akitazamwa kwa upande, mbele ya kichwa chake huonekana kitu kilichochongoka kama mdomo wa ndege. Hizo ni palpi mbili za mdomo wa chini, zimevikwa magamba na kuelekezwa mbele, nazo ni viungo vya hisia. Chini yake umekunjwa mrija wa kunyonyea, na mwanzo wa mrija huo una magamba pia, jambo ambalo nondo wengi wa makundi mengine hawana.

Kilichotustaajabisha zaidi ni masikio. Yako tumboni, upande wa chini, karibu na pale tumbo linapoungana na kifua. Nondo akilazwa chali chini ya lenzi, utaona vishimo viwili vilivyozibwa na utando mwembamba unaong'aa. Kwa masikio hayo humsikia popo anayewinda kwa milio ya juu ambayo sisi hatuisikii, akakata kona au kujiangusha majanini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti, walionyesha kwamba nondo wa nta, Galleria mellonella, yule anayewaharibia wafugaji wa nyuki masega, husikia hadi kilohezi 300, yaani mitetemo 300,000 kwa sekunde. Binadamu mwenye masikio mazima huishia kilohezi 20.

Masikio hayo ndiyo yaliyopanga upya ukoo mzima. Tangu Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alipowapa baadhi yao majina mwaka 1758, wataalamu walikuwa wakiwahamisha huku na huku, na kwa muda mrefu karibu wote waliwekwa katika familia moja, Pyralidae. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mfaransa Joël Minet alieleza kwamba kuna masikio ya namna mbili: ya wengine chumba chake kimefungika, ya wengine kiko wazi, na kati ya tando mbili kuna kikunjo kidogo cha ngozi. Wa kwanza wakabaki Pyralidae, wa pili wakaitwa Crambidae. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2012 uliunga mkono mgawanyo huo.

Mgeni wetu, huenda mzazi aliyekaa hapa anajiuliza mambo haya yanamletea debe ngapi za mahindi. Tunaomba tumjibu kwa bua moja la mahindi.

Mmea ambao jani lake la katikati limenyauka huku mengine yakiwa mabichi, ukiupasua kwa kisu utamkuta funza ndani ya handaki lililojaa unga wa kinyesi chake. Katika mashamba ya huku mara nyingi huwa mmoja kati ya wawili. Wa kwanza ni Chilo partellus, wa Crambidae, mgeni aliyetoka Asia na kuonekana barani Afrika katika miaka ya 1930. Wa pili ni Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika, ambaye hana pua wala si wa ukoo huu. Ni wa familia ya Noctuidae pamoja na viwavijeshi. Wakulima huwaita wote funza, na rangi zao zinakaribiana hadi mtu huchanganyikiwa. Mgeuze funza na uweke lenzi kwenye miguu minene ya tumboni. Chini ya kila mguu kuna vikulabu vidogo mno vya kushikilia. Vya Chilo vimejipanga duara kamili. Vya Busseola vimejipanga nusu duara, kama mwezi mwandamo. Hata mwanafunzi mgeni hulijua hilo kwa dakika chache akiwa na lenzi.

Tofauti hiyo ya duara na nusu duara ina uzito mkubwa shambani. Mwaka 1993 watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, walianza kuachilia katika pwani ya Kenya nyigu mdogo kutoka Asia, Cotesia flavipes, ambaye hutaga mayai ndani ya mwili wa funza. Kwa Chilo mayai huanguliwa, wana wa nyigu wakamla funza kutoka ndani. Nyigu huyo huyo akimdunga Busseola, damu ya funza huyazingira mayai na kuyaua. Busseola ana adui yake wa kale, Cotesia sesamiae, na hata huyo hana nguvu sawa kila mahali: nyigu wa upande wa Kitale humshinda Busseola, wa pwani hushindwa. Kwa hiyo mwenye kukosea jina la funza anaweza kumtegemea nyigu asiyeweza kumsaidia.

Tuko katika nchi ya miwa, hivyo tusimsahau nondo aitwaye Eldana saccharina. Jina hilo alilipewa na Francis Walker mwaka 1865, lakini makao yake ya asili ni mafunjo na ndago za kando ya maji, kama yale mafunjo ya mdomo wa mto Nyando. Miwa ilipoenea, na hapa kwetu kiwanda cha Miwani kilianza mwaka 1922, nondo huyu alipata chakula kingine kinene chenye sukari. Yeye ni wa Pyralidae, tena wa kikundi kimoja na yule nondo wa nta. Ni nani angedhani kwamba mharibifu wa mua na mharibifu wa mzinga ni ndugu?

Kwa upande wa mahindi, dawa nzuri imetoka papa hapa ziwani. Icipe, taasisi aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina kituo Mbita, na huko Dkt. Zeyaur Khan na wenzake walibuni kilimo cha sukuma-vuta katika miaka ya 1990. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake ikamfukuza nondo. Nyasi za nepia huzungushwa shambani zikamvuta akatage huko, na funza wengi wanaoanguliwa hufa kwa utomvu wake unaonata. Isitoshe, mizizi ya desmodiamu huizuia kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na ng'ombe hupata lishe. Tumepanda kipande kidogo nyuma ya maabara na tungependa wazazi wakione.

Mgeni wetu, tuna mahitaji. Lenzi za mkono tulizo nazo hazitoshi kuonyesha masikio vizuri. Tunaomba utusaidie kupata darubini ya kuchunguzia wadudu. Nondo tuliowahifadhi wanaliwa na mende wadogo kwa sababu masanduku yetu ni ya katoni, hivyo kabati lenye mfuniko wa kubana litawaokoa. Tunahitaji pia taa ya sola, kwa kuwa nondo hukusanywa usiku na umeme hukatika. Tungefurahi ofisi yako ikituunganisha na Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, ambako kuna hazina kubwa ya wadudu, ili majina tunayoandika kwenye vibandiko yahakikiwe na wataalamu.

La mwisho si la shule peke yake. Tunaomba maafisa wako wanapozuru mashamba wabebe lenzi na kisu, wapasue bua mbele ya mkulima, na wamtambue funza kabla ya kumwambia anunue dawa gani. Tuko tayari kufuatana nao siku za Jumamosi na wakati wa likizo.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.