Barua ya wazi kwa wajukuu wanaozicheka filamu za Krismasi

Wajukuu zangu wapendwa,

Salamu sana. Sisi huku Marangu hatujambo, migomba imepata mvua, na bibi yenu ameshaanza kuulizia nauli za mabasi kana kwamba yeye ndiye anayesafiri. Dhumuni la barua hii ni filamu. Habari za ndafu na mbege nawaachia baba zenu.

Najua mnazicheka. Mwaka juzi nilimsikia mmoja wenu akisema filamu za Krismasi zote ni moja: dada ana kazi kubwa mjini, anarudi kijijini kwao, anakutana na seremala mpole, theluji inaanguka, imeisha. Ni kweli. Lakini hebu jitazameni. Kila Desemba mnaacha kazi zenu Dar, mnashinda kwenye basi, Chalinze, Korogwe, Same, mpaka mnafika mlangoni kwangu mmevimba miguu. Bibi yenu analia palepale mlangoni, kila mwaka, kama vile hakuambiwa mnakuja. Hiyo nayo mmeiona mara ngapi?

Mnayoipuuza zaidi ni ile isiyo na rangi, It's a Wonderful Life, ya Frank Capra, aliyoigiza James Stewart kama George. Ilitoka Desemba 1946 na kwenye majumba ya sinema haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 hakimiliki yake ilikwisha kwa sababu haikuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikaona hapa pana filamu ya bure, vikairudia Krismasi baada ya Krismasi hadi watu wakaizoea kama wimbo wa kanisani. Hata theluji yake ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni, maana waliipiga California wakati wa joto. Nilipomweleza bibi yenu alichungulia dirishani, kilele cha Kibo kilikuwa wazi siku hiyo, akasema, "Kumbe wenye theluji ni sisi, wao wana makoti tu."

Bibi hajui Kiingereza, nanyi mnajua. Ndiyo maana namshukuru yule mjukuu anayekaa kando yake na kututafsiria kama akina Lufufu, wale wa kutafsiri filamu enzi za vibanda umiza vya video, akiongeza chumvi anapopenda. Kwake yule malaika asiye na mabawa ni mtumishi anayesubiri kupandishwa cheo, na ile ofisi ya George ya kuweka na kukopa ni SACCOS. Inapofika mwisho, mji mzima unamiminika sebuleni kuchangia dola 8,000 zilizopotea, bibi hupiga makofi: "Hata Wazungu wanachangishana!" Anasema hivyo kila mwaka. Msimwambie kwamba alishasema.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka juzi, George aliposimama darajani akitaka kujitupa mtoni, mtu mzima mmoja sebuleni kwangu alikuwa akifuta macho. Sitamtaja, mnamjua, na mnajua biashara yake ilivyokwenda mwaka ule. Mmoja wenu akammulika na tochi ya simu: "Jamani, analia!" Mkacheka wote. Akainuka, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe yule alikuwa amekwisha kukamuliwa, amekula, amelala. Alikaa zizini mpaka filamu ikaisha.

Wajukuu zangu, kwetu mwanamume ana ruhusa ya kulia msibani, na hata huko asizidishe. Siku nyingine zote anabeba yake kifuani. Filamu kama hiyo inampa giza kidogo, watu wote wanatazama mbele, na sababu ipo tayari: kama atalia, anamlilia George. Bibi yenu tangu tumzike mama yake huwa analia mahali pasipo na cha kuliza kabisa, wanapopamba mti. Sijawahi kumuuliza. Namsogezea kikombe cha chai, basi.

Kwa hiyo mwaka huu simu zikae kwenye kapu la ndizi, na tochi zizimwe. Anayeijua hadithi asitangulie kuisema, ila bibi, yeye ana haki yake. Asiyeipenda asinzie, asigune. Mkimwona mtu anafuta macho, tazameni theluji ya sabuni.

Na njooni na ule waya wa kuunganisha kompyuta na televisheni, wa kwetu panya wameutafuna. Jumapili iliyopita yule bwana alipita hapa na mkungu wa ndizi. Tukaongea mambo ya kahawa, ya mvua, akaaga. Alipofika getini akageuka, akaniuliza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kama ile ya darajani mtakuja nayo tena.

Nimemwambia mtakuja nayo.

Babu yenu

Marangu