Kumpima mzee macho halafu kumwachia karatasi haitoshi

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu hizi kambi za kupima macho ya wazee, maana kila nikisikia wamepimwa wazee wengi najiuliza, hao waliokutwa na mtoto wa jicho wameishia wapi?

Bibi yangu alipimwa. Akapewa karatasi ya rufaa akaiweka chini ya mto na ikakaa humo mwaka mzima, hakuna aliyempigia simu, na sisi wajukuu kila mmoja alidhani mwenzake atampeleka. Mwenyewe alikuwa anasema ni uzee tu msihangaike, na wakati huo alikuwa anatujua kwa sauti.

Sio uzee tu jamani. Ile lenzi ya ndani ya jicho inaingia ukungu taratibu, miwani inasaidia mwanzoni lakini hakuna dawa ya matone ya kuuondoa, dawa ni operesheni, inatolewa ile lenzi inawekwa ya bandia, kitu ambacho daktari Harold Ridley alikianza London tangu 1949. Mara nyingi ni ganzi ya jicho tu, nusu saa au chini ya hapo, na mtu analala kwake siku hiyohiyo. Bibi hakuna aliyemwambia hivyo, yeye alijua jicho linang'olewa linawekwa mezani! Hofu ya namna hiyo haiondolewi na karatasi, inaondolewa na mzee mwenzake aliyefanyiwa akaona.

Kupima kwenyewe sio kazi ngumu. Mhudumu wa afya wa jamii akifundishwa vizuri, na chati ya herufi E, kamba ya kupimia mita na tochi, anaweza kupita nyumba kwa nyumba akawapata hata wale wasiotoka ndani, na wengi wao ni kina mama. Asiyeona vizuri aende kwa mtaalamu, maana inaweza kuwa presha ya macho na hiyo uoni ukishapotea haurudi. Ila kwenye daftari lake pasiishie jina na jicho gani, aandike pia nani atamsindikiza, tarehe gani na usafiri gani, na baada ya operesheni arudi kumwangalia, jicho likiuma au kuwa jekundu au uoni ukipungua apelekwe haraka.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 huduma ya operesheni hii iongezeke kwa pointi 30 za asilimia, yaani katika kila watu 100 wanaoihitaji, wanaoipata waongezeke kwa 30, na wanaohesabiwa hapo ni waliofanyiwa wakaona vizuri, sio waliopimwa. Basi na sisi tuhesabu hivyo.

Bibi jicho la kulia limeshafanyiwa. La kushoto tumepewa tarehe, na safari hii jina la mjukuu wa kumpeleka limeandikwa, ni langu.

Mjukuu, msomaji wenu