Kaka, Fuso lile lilibeba mishahara miwili

Kaka, shikamoo.

Nimeona nikuandikie hapa hadharani kwa sababu siku ile Kibosho hukunipa nafasi. Ilikuwa tarehe 26 Desemba, ndafu imebaki mifupa, kata ya mbege inazunguka, na wewe ukasema kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao: "Hayo ya wanawake kulipwa kidogo ni mambo ya Ulaya. Huku kwetu mshahara hauangalii umevaa gauni au suruali." Wajomba wakacheka. Mimi nilikuwa na sinia la ndizi mkononi, nikapita.

Nakujibu sasa, nimekaa. Kazi yangu unaijua: mwaka wa kumi na moja huu natengeneza mishahara ya watu katika kampuni ya hoteli hapa Arusha. Na kwa nusu uko sahihi. Karatasi yangu ya mishahara haina safu ya jinsia. Mhudumu wa mapokezi ni mhudumu wa mapokezi, awe wa kike au wa kiume, na mshahara wao wa msingi ni ule ule. Sheria nayo imeshasema: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsi yake, ujauzito wake au hali yake ya ndoa. Ukiishia safu ya kwanza, umenishinda.

Lakini slipi ina safu nyingi. Baada ya msingi inakuja posho ya mazingira kwa walioko kambini Serengeti, zinakuja saa za ziada, linakuja fungu la tipu. Mtu wa kambini anakula na kulala bure, hana nauli, mshahara wake unaingia benki ukiwa mzima. Mwenzake wa daraja hilo hilo aliyebaki hotelini mjini amepanga chumba Ngaramtoni, anapanda hiace mbili kwenda na mbili kurudi, na tipu zake ni za wageni wanaolala usiku mmoja kisha wanakimbilia mbugani. Mwezi ukiisha, hao wawili hawafanani tena. Na kambini wanakwenda nani? Ni wiki sita ndani, wiki mbili nyumbani. Wanawake walioko huko nikiwahesabu kwa mkono mmoja, vidole vinabaki.

Mwaka 2019 niliitwa mimi, uhasibu wa kambi. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba. Sheria ilikuwa imenipa siku 84 za likizo ya uzazi, na niliporudi kazini ikanipa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kutoka ofisini hadi nyumbani Sakina, saa mbili zilitosha, nanyonyesha, nakunywa na uji. Kutoka Seronera, katikati ya Serengeti, saa mbili hazikufikishi hata Karatu. Nikaandika barua ya kushukuru na kukataa. Nafasi akapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kujaza fomu za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Leo ndiye bosi wangu. Sina kinyongo naye. (Kidogo kipo.)

Nikilifungua faili langu leo sioni mahali nilipobaguliwa. Imeandikwa tu: "Alikataa uhamisho."

Kuna mama mmoja wa Marekani, Claudia Goldin, alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2023 baada ya kuchimba kumbukumbu za kazi za wanawake wa kwao za miaka mia mbili. Alionyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake huanza mtoto wa kwanza anapozaliwa, na kwamba kazi zinazolipa vizuri humtaka mtu anayepatikana saa yoyote. Mimi wa Sakina ningeongeza: na mahali popote.

Maana jambo la pili ulilosema siku ile ni kwamba Dar inalipa kuliko huku, na kila mtu ana miguu, ahame. Haya. Ukivuka Namanga kuingia Kenya, kima cha chini cha Nairobi si sawa na cha mji mdogo. Sisi Tanzania Bara tunapanga kwa sekta, kwa hiyo amri ya kima cha chini inayomhusu mtu wa Arusha ndiyo inayomhusu wa Dar na wa Lindi. Ila sekta nazo zina makazi yake. Panda gari la Moshi alfajiri. Ukifika Usa River utawaona kina mama wamejifunga kanga juu ya masweta wakisubiri basi la shamba la maua. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi. Endelea hadi njia panda ya KIA, kunja kulia, nyoosha mpaka Mererani kwenye tanzanite, huko karibu wote ni wanaume. Amri hiyo hiyo iliziwekea kampuni zenye leseni kubwa za uchimbaji 500,000. (Wanaapolo wengi, wale wachimbaji wanaoingia shimoni bila mshahara, hiyo hawaijui, wao wanasubiri mgao jiwe likitoka. Ni habari ya siku nyingine.) Dada wa kazi anayelala kwa mwajiri, katika nyumba za watu wa kawaida kama zetu, aliwekewa 60,000.

Amri mpya ya Januari 2026 imepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka 275,060 hadi 358,322. Nimeipokea kwa mikono miwili. Ila wastani haukuambii nani amesimama kwenye kipandio gani cha ngazi.

Sasa tuje kwako. Wifi nimemwomba ruhusa, amenipa, kwa hiyo usimuulize kwa ukali.

Ulipohamishiwa makao makuu Dar tulishangilia wote. Mshahara ulipanda, ukapewa posho ya nyumba, kampuni ikalipia Fuso. Nilikuwepo pale Majengo tukipakia, upande mmoja wa kabati la vyombo niliushika mimi. Wifi alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule binafsi pale Moshi, miaka tisa. Ijumaa aliagwa kwa keki, Jumatatu yuko Mbezi anapiga picha vyeti. Miezi mitano hana kazi. Alipopata, alianza upya kama mwalimu wa darasa, mkataba wa mwaka mmoja, pesa pungufu ya aliyoiacha Moshi, na gari la kwanza analipanda saa kumi na moja alfajiri. Serikalini angalau mtu huomba uhamisho wa kumfuata mwenza na daraja lake likaja naye. Kwenye shule binafsi daraja linabaki getini.

Wewe ile safari uliiita nyongeza. Kwako ilikuwa. Fuso lile lilibeba nyongeza yako na hasara yake kwa pamoja, lakini lilipofika Mbezi uliteremsha ya kwako tu kwenye hesabu. Halafu mtu wa takwimu akija kupiga hodi, ataandika kwamba Dar inalipa kuliko Moshi, na kwenye ukurasa mwingine ataandika kwamba wanaume wanalipwa kuliko wanawake, kana kwamba ni habari mbili. Nyumbani kwako ni Fuso moja.

Usiseme alichagua. Najua alichagua, hata mimi nilichagua. Ninachokuuliza ni kimoja: siku kampuni ilipokupa ile barua, ilikuuliza una samani kiasi gani ili ijue saizi ya lori. Kuna mtu alikuuliza mkeo analipwa ngapi? Wewe mwenyewe ulimuuliza?

Krismasi hii mtapanda tena, inshallah. Mtori nitaupika mimi, wifi apumzike. Nimemwambia aje na slipi yake ya mwisho ya Moshi. Anayo, ameitunza kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wewe njoo na ya kwako ya kwanza ya Dar. Tutakaa kule chini kwenye migomba, peni nitaleta mimi, kabla kata haijaanza kuzunguka.