Maadili hayafundishiki kwa PDF

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mwalimu msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Dar, nasimamia semina za maadili mwaka wa kwanza. Tangu ile korona ya 2020, vyuo vilipofungwa Machi mpaka Juni mosi, tunasema tunafundisha nusu darasani nusu mtandaoni, lakini fungua hiyo nusu ya mtandaoni kwenye Moodle, ule mfumo wa chuo wa masomo ya mtandaoni, unakuta PDF ya kurasa 60, basi. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, alafu asaimenti ya grupu la watu 10 anaifanya mmoja, tisa wanaandikisha majina tu. Na hilo ndo somo la maadili jamani! Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea 1967 alishasema mitihani yetu haipimi tabia ya mtu.

Muhula uliopita tukarekodi kwa simu kavideo ka dakika 4, waigizaji wanafunzi wenyewe. CR, yaani kiongozi wa darasa, anakusanya hela za fotokopi, zinabaki elfu 12, hakuna anayejua. Nikakaweka Moodle kwa kutumia H5P, programu ya bure ya kuingiza maswali ndani ya video, kakifika pale anapoikunja ile hela kanasimama kenyewe, kanauliza ungekuwa wewe ungefanyaje, hujajibu hakaendelei. Ijumaa tukayapeleka majibu semina, watu wakabishana mpaka muda ukapita, mara kijana mmoja wa nyuma, ambaye toka muhula uanze sijawahi kumsikia sauti, akasema jina langu lipo kwenye kazi ya grupu ambayo hata swali lake silijui. Darasa kimya. Akaomba lifutwe. Wiki iliyofuata wakaja wengine watatu, mlangoni, mmoja mmoja.

Sio kwamba video ndo ilifanya yote. Bila ile Ijumaa ya kuangaliana usoni ingekuwa kama klipu za statasi tu, unaangalia unapita. Na bando ni ghali mno kwa mtoto anayesubiri boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ndo maana tulikapunguza mpaka MB 9, wenye simu ndogo tukawapa sauti peke yake.

Sasa wakuu wa vyuo naombeni mawili. Semina ya watu 80 watu hawawezi kubishana, wanasikilizana wawili watatu wengine wanachati, igawanywe. Na saa za kuandaa hivi vitu ziingie kwenye mzigo wa kazi wa mwalimu, maana kale ka dakika 4 kamekula Jumamosi zangu tatu, na mada zilizobaki ni 11.

Mwalimu msaidizi,
Dar es Salaam