Death Magnetic: fundi wa masta hana kosa

Mhariri,

Makala yenu ya burudani kuhusu albamu ya bendi ya roki ya Metallica, Death Magnetic ya mwaka 2008, imemtwisha fundi wa masta lawama ya sauti yake mbovu, naye hahusiki. Sauti haikuharibikia kwenye masta, yaani hatua ya mwisho ya kusawazisha sauti kabla albamu haijatoka. Ted Jensen, aliyeifanya kazi hiyo, alieleza mapema kwamba miksi (nyimbo zikiwa zimeshaunganishwa sauti na ala zote) zilimfikia zikiwa zimeshabanwa hadi mwisho, yaani tofauti ya sauti kubwa na ndogo imefutwa ili wimbo wote usikike kwa kishindo. Na wimbi la sauti likishakatwa ncha, kushusha sauti hakulirudishii kitu. Unapata kelele ileile kwa sauti ya chini.

Ushahidi mashabiki waliupata kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero. Nyimbo zilezile ziliingia huko kabla ya kubanwa. Fungua matoleo yote mawili kwenye kompyuta uyatazame: la mchezo lina vilele na mabonde, kila pigo la snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) limechomoza, la CD ni tofali. Kwa kipimo cha pengo kati ya vilele na wastani wa sauti, la mchezo lilifika takriban desibeli 12, la CD takriban 3.

Sababu yake si uchawi. CD huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiwa namba inayoonyesha kimo cha wimbi, na namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 32,767. Ukisukuma zaidi ya hapo, sampuli nyingi mfululizo hugota kwenye namba hiyo moja, wimbi linakuwa bapa juu, na masikio yanasikia mkwaruzo. Ukiwahi kuzuia kwa limita, yaani kifaa kinachozuia vilele visivuke kiwango, kinachokufa kwanza ni milisekunde chache za mwanzo wa pigo, yaani palepale penye nguvu ya ngoma.

Mashabiki zaidi ya 10,000 walitia saini kudai miksi mpya. Hawakupewa. Albamu ilishika namba moja Marekani, na prodyuza wake, Rick Rubin, akachukua tuzo ya Grammy ya prodyuza bora mwaka uliofuata (kwa kazi zake kadhaa, tuwe wa haki). Toleo lenye nafasi ya kupumua lilikuja 2015, kupitia iTunes.

Tunalisema hili kwa sababu studio nyingi bado zinabana vilevile, ilhali faida yenyewe, ya kusikika kwa sauti kubwa kuliko wengine, imekwisha. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, kwa kawaida hucheza nyimbo kwa takriban -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama masikio yanavyousikia). Wimbo uliobanwa hadi -6 LUFS utashushwa desibeli 8, ulingane na nyimbo nyingine, ila snea yake imeshakufa. Kabla ya kupeleka miksi kwa fundi wa masta, toa limita kwenye chaneli kuu, acha vilele viishie karibu na desibeli -6, hifadhi faili la WAV la biti 24, lisilopunguza sauti, usitume MP3, inayopunguza. Mteja akitaka kusikia kitu cha kishindo, mpe nakala ya pembeni yenye limita na uiandike hivyo kwenye jina la faili, maana faili hizo mbili zikichanganywa ndipo fundi wa masta anapobebeshwa msalaba usio wake.

Mafundi mitambo wa studio,
Dar es Salaam