Kwa nini tuliurudisha mtungi wako wa mafuta machafu

Mteja wetu mmoja, mpishi wa hoteli hapa Malindi, alikasirika tuliporudisha mitungi yake mitatu ya mafuta yaliyokwisha kukaangia, ambayo sisi huyanunua. "Mafuta si mafuta tu?" Si yeye wa kwanza kuuliza, basi tujibu hapa.

Mizani ndiyo iliyomsema. Mtungi wa lita 20 ukijaa mafuta, ukiondoa uzito wa mtungi wenyewe, hufika kilo 18 na nusu hivi. Wake ulipita 19. Maji ni mazito kuliko mafuta, nayo hukaa chini. Tulimimina kidogo kwenye chupa ya soda, tukaiacha juani: juu kahawia, chini maji ya kijivu yenye povu. Kumbe kijana wa jikoni alikuwa akisuuza karai kwa sabuni, kisha anamwagia humo humo.

Mafuta haya, mabaki ya viazi karai, bajia na samaki, hugeuzwa mafuta ya ndege. Mei 2023 Kenya Airways iliruka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya namna hii kutoka kwa kampuni ya Eni ya Italia. Kiwandani hutiwa gesi ya haidrojeni kwenye joto na shinikizo kubwa, oksijeni ikatoka, kisha hufanyiwa kazi ili yasigande angani. Mafuta ya nazi huganda kabatini asubuhi ya Julai. Mafuta ya ndege yaitwayo Jet A-1 hayatakiwi kuganda kabla ya nyuzi 47 chini ya sifuri! Mwisho yetu huchanganywa na mafuta ya ndege ya kawaida, yasizidi nusu.

Sasa maji yakikaa na mafuta, huyavunja na asidi ikapanda. Chumvi na makombo ya unga nayo huharibu vichocheo vya kiwanda, yaani vitu vinavyoharakisha kazi hiyo ya kuyageuza, na hivyo si vya bei ya kuchezea. Ndiyo maana mnunuzi wetu hupima kabla ya kulipa, nasi tunapima kabla yake.

Subirini mafuta yapoe, chujeni kwa kitambaa, fungeni kifuniko, hasa wakati wa masika. Karai lisuuzwe kando. Na anayetaka kuyanunua akakaangie tena, mnyimeni hata akizidisha bei yetu.

Mpishi wetu alikubali. Mitungi ile tuliiacha itulie siku mbili, tukanyonya mafuta ya juu kwa mpira. Mitatu ikawa kama miwili, na hiyo tukailipia.