Omba ya fundi, si ya msaidizi

Mamangu,

Mamako aniambia umeomba nafasi ya msaidizi wa fundi umeme. Msaidizi? Na diploma unayo?

Nduguyo wa kiume, kwa alama chini ya zako, aliomba ufundi kamili bila kuuliza mtu, nasi tukamsifu. Wewe ukauliza, ukaambiwa ufikirie tena. Aliyekwambia hivyo wamjua.

Mwaka 2007 Muriel Niederle na Lise Vesterlund walichapisha jaribio: wanaume na wanawake wajumlishe namba tano tano za tarakimu mbili, hesabu nyingi wawezavyo kwa dakika tano. Walifanya sawa. Ila wanaume 75 kwa mia walidhani wameongoza katika kundi lao la watu wanne, wanawake 43. Kundi la wanne lina wa kwanza mmoja tu! Hata wanawake walijizidishia, sembuse wanaume. Na walipoambiwa wachague kushindana au kutoshindana, wanaume 73 kwa mia waliingia mashindano, wanawake 35.

Kwa hiyo sikwambii “jiamini”. Jipime. Kila zoezi, kabla ya kulisahihisha, andika kwa kalamu alama unazotarajia. Kisha andika ulizopata. Usingoje uone majibu, maana ukishayaona utadhani ulijua tangu mwanzo. Fanya mara kumi. Ukijikuta kila mara umejikadiria chini, kwa mfano alama 8, basi moyo wako ni mita mbovu: kila ukiusoma, ongeza 8.

Kwenye mtihani wa kuchagua, soma kwanza kama kosa lakatwa. Halikatwi? Usiache hata swali moja tupu: maswali 8 yenye majibu 4, ukibahatisha, kwa wastani waokota 2. Lakatwa robo alama na majibu ni 5? Kubahatisha bure hakuongezi wala hakupunguzi, lakini ukishafuta jibu moja tu, jaza. Wewe huacha tupu, nakujua.

Maombi yafungwa Ijumaa. Omba ya fundi. Na kwenye barua toa lile neno “labda”; liko mara tatu.

Swichi ya barazani uliyoitengeneza haijasumbua tena. Friji ndiyo yagandisha barafu hadi mlangoni, na tokeni zaisha mbio. Mimi nadhani ni raba ya mlango. Nduguyo asema ni kompresa, kwa uhakika kabisa, na hajaifungua.

Jumamosi uje na testa.

Babako